Leso ya Zamani Tutaitafuta kwa Jina Gani?

Miongoni mwa vijana wa vyuo vyetu vikuu imezuka ada ya kusaka mavazi ambayo wenye viwanda waliacha kuyatengeneza zamani. Hawayasaki kwa sababu ya uchi. Kijana mwenye mashati sita kabatini hukesha na simu mkononi akitafuta fulana moja tu, tuseme ile ya Arsenal ya kuchezea ugenini iliyovaliwa kati ya mwaka 1991 na 1993, ya manjano yenye michirizi myeusi, ambayo ilipotoka yeye mwenyewe hakuwa amezaliwa. Wengine huibahatisha Gikomba ndani ya robota la mitumba. Wengine huikuta katika ukurasa wa Instagram wa mchuuzi aliyelidamkia robota lile lile, akachagua mavazi mema kabla ya wenzake kuamka, kisha akayapiga picha na kuyatia bei ya kutisha.

Wapo wanaosema kwamba huo ni upuzi wa vijana wasio na kazi. Mimi siwaungi mkono. Kinachonivutia, kwa kuwa kazi yangu ni isimu, ni namna msako wenyewe unavyofanikiwa. Ndani ya shingo au ubavuni mwa nguo ya kiwandani mna kitambulisho kidogo cha kitambaa chenye jina la mtengenezaji, nchi iliposhonwa, na mara nyingi mfululizo wa herufi na tarakimu unaoutenga mtindo ule na mitindo mingine yote. Mwenye nguo humsomea mwenzake tarakimu hizo, naye huziandika kwenye simu, na haupiti muda kabla hajaletewa picha ya nguo ile ile ikiwa imelala katika sanduku la mtu asiyemjua huko Manchester au Milano. Nguo imekwisha kutoweka madukani, lakini anwani yake ingali ipo. Intaneti, kwa sehemu kubwa, haioni nguo. Husoma maneno yaliyoandikwa kuhusu nguo.

Nayasema haya kwa sababu iko nguo moja hapa petu ambayo, kwa kanuni hiyo, ingekuwa nyepesi kuliko zote kuitafuta pindi inapokwisha madukani. Nguo hiyo haifichi jina lake shingoni wala ubavuni. Imelibeba waziwazi, kwa herufi kubwa, mahali ambapo hata mpita njia hulisoma. Nguo hiyo ni leso. Lakini, ndugu msomaji, ni nani aliyetafuta mtandaoni leso ya miaka kumi au ishirini iliyopita akaipata bila jasho kumtoka?

Katika wadi ya Kasikeu, eneobunge la Kilome, kaunti ya Makueni, kuna kikundi cha akina mama ambacho mama yangu mdogo ni mwanachama wake. Ni kikundi cha mwethya kama vilivyo vingine vingi Ukambani. Leo wanachimba matuta katika shamba la huyu, kesho wanasomba mawe ya bwawa la mchanga, keshokutwa wamekwenda kumfariji mwenzao aliyefiwa. Zaidi ya miaka kumi iliyopita walichanga fedha, wakamwagiza mchuuzi aliyekuwa akipanda na kushuka baina ya Mombasa na Sultan Hamud awaletee leso za sare. Zikaja za rangi ya damu ya mzee, pindo lake likiwa na korosho nyeusi na nyeupe, na jina likisomeka: WEMA HAUOZI.

Tangu siku hiyo leso zile hazikuwa mavazi tu. Ukiliona kundi la damu ya mzee likiteremka kilimani, unajua bila kuambiwa kwamba huko liendako kuna arusi au kuna msiba. Miaka imepita. Baadhi ya wanachama wamefariki dunia, na wengine kati yao walizikwa wakiwa wamefunikwa leso hizo hizo. Wakati huo huo wameingia wake wa wana wao, ambao mchango ule ulipofanywa walikuwa bado shuleni. Hao husimama mwishoni mwa mstari na leso za rangi nyingine, mithili ya wageni katika kikundi chao wenyewe. Mama mdogo akaniambia, "Mwanangu, wewe uliyesomea maneno, tutafutie jozi saba katika hiyo simu yako."

Nilianza kwa jina. Niliandika WEMA HAUOZI, nikaletewa mahubiri, nyimbo, maelezo ya methali kwa ajili ya watahiniwa, na salamu za heri zenye picha za maua. Leso sikuiona. Hiki ndicho kikwazo cha kwanza, nacho ni cha kiisimu hasa. Tarakimu za fulana ya Arsenal hazina maana nyingine yoyote duniani. Jina la leso, kinyume chake, lilikuwa lugha ya watu wote kabla halijawa jina la nguo. SISI SOTE ABIRIA, DEREVA NI MUNGU limeandikwa kwenye leso, limeandikwa kwenye matatu, limesemwa mimbarini. Mashine ya kutafutia haijui wewe wataka lipi.

Basi nikaongeza neno leso. Hapo ndipo nilipokumbushwa kwamba Kiswahili ni lugha pana kuliko kaunti zetu. Kwetu Kenya, leso ni nguo ya mwanamke ya kujifunga na kujitanda. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania bara na visiwani, leso ni kitambaa cha mfukoni cha kupangusia jasho, na nguo hii tunayoisema huitwa kanga, wengine wakaiandika khanga. Ukiandika kanga, utaletewa nguo na utaletewa ndege pia, tena wakiwa wamechomwa na kukaangwa. Waganda huiita leesu. Wenzetu wa Bukini wanayo ya kwao yenye misemo pindoni, nao huiita lambahoany. Muuzaji wa Kariakoo aliyeandika "kanga" na mnunuzi wa Kasikeu aliyeandika "leso" wanaweza kupishana mtandaoni mwaka mzima, bidhaa iko na fedha ziko, wasikutane.

Tofauti hii ina historia yake, nayo ni tamu. Neno leso limetokana na Kireno, na maana yake ya asili ni hicho kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa kimoja kimoja, wakaviunganisha sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana ya kuvaa. Baadaye wafanyabiashara waliagiza nguo nzima ichapwe hivyo tangu kiwandani. Jina la kanga nalo, kwa masimulizi hayo hayo, lilitokana na madoadoa yaliyofanana na manyoya ya ndege huyo. Kwa hiyo Mkenya alilifuata neno leso lilipohamia kwenye nguo mpya, na Mtanzania akaliacha libaki kwenye kitambaa. Hakuna aliyekosea. Darasani huu ni mfano mzuri wa jinsi maana zinavyohama, na huwa naufundisha kwa furaha. Nilipokuwa nikisaka jozi saba za mama mdogo, furaha hiyo sikuiona.

Kuna suala la tahajia pia. Majina ya leso yalianza kwa hati ya Kiarabu kabla ya kuhamia hati ya Kirumi, na leso za enzi ile hakuna atakayezipata kwa kuandika A, B, C. Isitoshe, leso zetu zimechapwa Uingereza, Uholanzi, India, Japani na siku hizi China, mara nyingi na mafundi wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Maneno mawili hugandishwa yakawa moja, na moja likakatwa mahali pasipo mkato. Kisha kuna lahaja. Leso nyingi zimetungiwa majina Mombasa, na Kimvita hakitamki kama kitabu cha shule. Njia ni ndia, kama ajuavyo kila aliyetembea barabara ya Ndia Kuu katika Mji wa Kale. Mchele ni mtele. Njoo ni ndoo. Mwanafunzi wa Kasikeu aliyefundishwa Kiswahili sanifu atamwandikia mtandao njoo, na leso imeandikwa ndoo. Mwalimu aliyezoea kuipitishia lahaja kalamu nyekundu na afikirie ni mavazi mangapi amewazuia wanafunzi wake kuyaona.

Lakini hayo yote ni madogo yakilinganishwa na kosa la wauzaji, na hapa sitamung'unya maneno. Piteni kwenye kurasa zao za Facebook na Instagram, na kwenye masoko ya ng'ambo ambako leso kuukuu zinauzwa kwa dola. Leso imekunjwa mara nne, au imewekwa katika rundo, au imezungushwa kwenye mwili wa msichana anayetabasamu. Jina limefichwa ndani ya mkunjo. Chini ya picha kuna maelezo, kwa Kiingereza, kwamba hiki ni kitambaa cha Kiafrika, chekundu, cha pamba, kinachofaa kwa mapazia. Chekundu! Ni sawa na kuuza kitabu kwa kutangaza rangi ya jalada lake na uzito wake, bila kutaja jina wala mwandishi. Nguo pekee niijuayo ambayo imechapiwa neno la kuitafutia usoni mwake, muuzaji analifunika neno hilo na kulipa likizo.

Nilijaribu pia kutafuta kwa picha, maana zipo programu zinazoweza kulinganisha sura ya kitu. Nilimwomba mama mdogo atandaze leso yake juani, nikaipiga picha, nikaituma. Zikaja leso za korosho kwa wingi, nyekundu, hudhurungi na zambarau, hakuna hata moja iliyokuwa yenyewe. Sababu yake inafaa kueleweka. Leso ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulioko katikati, na jina lililo ndani ya mji upande wa chini. Mchapaji huweza kulitumia pindo moja kwa majina mbalimbali, na jina likipendwa hurudiwa miaka ya baadaye kwa pindo na mji tofauti kabisa. Ukishika jina peke yake utapata nguo nyingine. Ukishika sura peke yake utapata jina jingine, na pengine jina hilo ni tusi.

Mahali niliposhangazwa zaidi ni London. Makumbusho ya British Museum yana mkusanyiko wa kanga, na kumbukumbu zake zimewekwa mtandaoni. Humo kuna, kwa mfano, kanga ya mwaka 2008 ya kumpongeza Barack Obama. Mtunza kumbukumbu hakuridhika na kuandika rangi. Ameyanakili maandishi yaliyo kwenye nguo, akayatolea tafsiri. Tafakari hilo, msomaji mwenzangu. Leso iliyonunuliwa pwani yetu kwa bei ya sokoni, ikivuka bahari, hupewa jina na nambari yake. Ikibaki Ukambani hufumwa upya kwa viraka, hubebea watoto, hufungia kuni, kisha hupangusia meza, na jina lake halijaandikwa popote. Siwalaumu wa London. Wamefanya kazi ambayo mwanafunzi wa darasa la saba hapa Makueni angeweza kuifanya kwa daftari la mraba.

Mtu ataniuliza kwa nini leso hizi ziishe upesi hivyo. Jibu ni kwamba leso ni biashara ya upya. Mwenye duka huagiza mtindo kwa kiasi fulani, ukiisha umekwisha, huleta mwingine, kwa sababu wanunuzi wenyewe hawataki kuvaa kile kilichovaliwa na jirani mwaka jana. Kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maarusi, ndiyo iliyoikataa sheria hiyo, ingali ikichapwa kizazi baada ya kizazi. Nyingine hupita. Na waliokuwa wakichapa hupita pia. Milango ya biashara ilipofunguliwa wazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba na nguo rahisi za nje zilivikumba viwanda vyetu. Kicomi ya Kisumu ilifungwa. Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa mwaka 1976, ilianguka, na ikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Kiwanda kinapofilisika, mitambo hupigwa mnada na wadai hugawana. Daftari la sampuli hugawiwa nani?

Yapo maduka yaliyojiwekea alama, nayo yanastahili sifa. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887, limezoesha wanunuzi herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla pembezoni mwa leso zake. Mtafutaji akiona alama hiyo angalau anajua abishe hodi mlango gani katika mtaa wa Biashara. Leso ya mama mdogo haikuwa na alama yoyote.

Kutoka Kasikeu hadi Sultan Hamud si mwendo mrefu, na kila nikishuka huko hukumbuka kwamba mji ule wa reli umebeba jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kati ya mwaka 1896 na 1902. Ni katika enzi yake, mwaka 1897, ambapo utumwa ulivuliwa hadhi ya kisheria Unguja na Pemba. Wanahistoria, Laura Fair akiwa mmoja wao, wameeleza jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoiacha kaniki, nguo nyeusi iliyowatambulisha kuwa watumwa, wakavaa kanga ili waonekane watu miongoni mwa watu. Kwa hivyo anayesema "leso ni leso tu, nunueni nyingine" hajui anazungumza juu ya nini. Nguo hii tangu mwanzo imekuwa ikitangaza nani yumo na nani hayumo. Wake wa wana wa Kasikeu waliosimama mwishoni mwa mstari walilijua hilo bila kumsoma mwanahistoria yeyote.

Baada ya wiki kadhaa nilimpata mama mmoja muuzaji, Dar es Salaam, aliyekuwa na WEMA HAUOZI. Nilimpata kwa sababu yeye, tofauti na wenzake, alikuwa ameandika jina chini ya picha kwa herufi zile zile zilizomo kwenye nguo. Alikuwa na nyingi za kutosha. Lakini zilikuwa za buluu, na pindo lake lilikuwa na mikungu ya ndizi badala ya korosho. Nikapeleka picha Kasikeu.

Mjadala uliofuata chini ya mwembe ningependa wanafunzi wangu wa semantiki wangeusikia. Upande mmoja ulisema kwamba leso ni jina. Leso mbili zikisema neno moja ni leso moja, hata kama moja imevaa buluu na nyingine imevaa damu ya mzee, kama vile mtu habadiliki jina akibadilisha shati. Upande wa pili ulishikilia kwamba kutoka mbali hakuna asomaye jina. Watu huona rangi, na wakiona rangi mbili watasema ni vikundi viwili. Wa kwanza walikuwa wazee, wengi wao wasiojua kusoma vizuri. Wa pili walikuwa vijana waliosoma. Mimi ningetarajia kinyume chake. Nilinyamaza, kwa kuwa sikuulizwa.

Suluhisho alilitoa mweka hazina wa kikundi. Leso huja jozi, alisema, moja ya kiunoni na moja ya mabegani. Kila mzee amtolee mgeni kipande kimoja cha zamani, na zinunuliwe za buluu ili kila mmoja apate kipande kimoja kipya. Hivyo kila mwanamke atavaa damu ya mzee chini na buluu juu, na zote mbili zitasema neno lile lile. Hesabu ya vipande ilitosha, ingawa mzee mmoja alikataa katakata kuitenganisha jozi yake, akasema ya kwake imekwisha kuandikiwa safari, na hakuna aliyemlazimisha. Fedha zilitumwa kwa simu, mzigo ukapanda basi, ukashushwa Sultan Hamud jioni ya pili.

Sasa, nigeukie walimu. Nawasikia wakisema kwamba mtaala wa umilisi umekwisha kuwajaza kazi, na wazazi wamechoka kutumwa kadibodi na gundi kila wiki. Nakubaliana nao kuhusu kadibodi. Lakini kazi hii haihitaji kununua chochote. Kila nyumba ya Ukambani ina sanduku, na katika kila sanduku mna leso za mahari, za arusi, za uzazi, za kampeni za uchaguzi zilizosahaulika. Mwanafunzi atandaze leso nzima, si nusu yake, anakili jina herufi kwa herufi kama lilivyo, pamoja na makosa yake. Asilisahihishe. Mwalimu naye asilisahihishe. Kosa la mchapaji ndilo mara nyingine litakalomwezesha mtu aliyeko Muscat au Toronto kuitambua leso ya marehemu mama yake. Aandike pindo lina nini na mji una nini, rangi gani juu ya rangi gani, alama yoyote iliyoko ukingoni, na mwaka na mahali iliponunuliwa kama mwenyewe anakumbuka. Aandike leso, na pembeni yake aandike kanga, ili Mtanzania naye afike. Kisha darasa likiwa na simu moja tu, picha na maneno hayo yapandishwe pamoja, maana picha bila maneno tumeona inakoishia.

Tahadhari moja. Majina ya leso hayatungwi kwa ajili ya darasa. Mengine ni mafumbo makali, na mara nyingi lilinunuliwa kwa ajili ya mtu maalumu. Mtoto akija na HASIDI HANA SABABU, mwalimu asimwulize mbele ya wenzake mama yake alimkusudia nani. Huenda hasidi mwenyewe ana mtoto katika darasa lilo hilo. Na leso isipigwe picha kabla ya mwenyewe kuridhia. Sanduku la mwanamke ni faragha yake.

Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaokesha wakitafuta fulana za 1991 wana ujuzi ambao sisi walimu wao hatuna: wanajua jinsi ya kumwandikia muuzaji wasiyemjua, jinsi ya kuomba picha ya ukingo wa nguo, jinsi ya kutambua nakala bandia. Likizo ya Agosti watarudi kwao Kasikeu, Emali, Mwingi na Kibwezi. Bibi zao hawana haja ya Arsenal, lakini wanalo jambo la kutafutiwa, na daftari moja la kurasa themanini laweza kubeba masanduku ya kijiji kizima.